Mzee Tolstoy Aondoka Nyumbani

Je, umewahi kutamani kuondoka? Sisemi kwenda dukani kununua chumvi na kurudi jioni. Nasema kuondoka kabisa. Umeamka asubuhi, kuni hakuna, mtoto anakohoa, jirani anadai fedha zake, na palizi haijaisha. Unaitazama njia inayopita mbele ya nyumba yako. Unawaza moyoni kwamba leo utaishika njia hiyo na hutageuka nyuma. Kisha mtu anakuita. Unaitika, na siku inakwisha kama siku nyingine.

Watu wengi hudhani kwamba tamaa hiyo ni ya maskini tu. Hudhani kwamba tajiri hana cha kukimbia. Basi soma habari za mtu huyu. Alikuwa na ardhi, nyumba kubwa, watumishi, mke hodari na watoto wengi. Jina lake lilijulikana katika nchi nyingi za dunia. Hata hivyo tamaa ya kuondoka ilimsumbua tangu ujana mpaka uzee. Mwishowe aliondoka kweli. Aliondoka akiwa na umri wa miaka 82, usiku, kwa kunyemelea, kama mtu aliyeiba kuku.

Mtu huyo ni Leo Tolstoy, mwandishi wa vitabu wa nchi ya Urusi.

MTOTO WA NYUMBA KUBWA

Tolstoy alizaliwa tarehe 9 Septemba 1828. (Warusi wa siku zile walifuata kalenda iliyokuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 12, na baadaye siku 13. Hapa tumetumia kalenda yetu.) Kwao ni Yasnaya Polyana, shamba kubwa lililo umbali wa kilomita 200 hivi kusini ya mji wa Moscow. Urusi ni nchi ya baridi kali. Wakati wa baridi maji ya mito huganda yakawa magumu kama jiwe, na theluji hufunika mashamba kwa miezi mingi. Ikumbuke baridi hiyo. Tutakutana nayo tena mbele.

Ukoo wake ulikuwa wa makabaila. Siku hizo wakulima wengi wa Urusi hawakuwa huru. Walikuwa mali ya mwenye shamba. Shamba lilipouzwa, nao waliuzwa pamoja nalo. Mkulima hakuweza kuhama bila ruhusa ya bwana wake, na akitoroka alitafutwa na kurudishwa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kukimbia maisha yake alikuwa mkulima yule, na yeye ndiye aliyekatazwa. Kabaila alipotaka kwenda zake, alitandikiwa farasi tu.

Mama yake Tolstoy alifariki mwaka 1830, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Baba yake alifariki mwaka 1837. Leo na ndugu zake wakalelewa na shangazi na jamaa wengine. Walikuwa watoto watano, wanaume wanne na msichana mmoja.

Kaka yake mkubwa, Nikolai, alikuwa hodari wa kubuni hadithi. Siku moja aliwaambia wadogo zake kwamba anaijua siri kubwa. Siri hiyo ikijulikana, watu wote duniani watapendana. Hakutakuwa na ugonjwa wala ugomvi. Alisema siri hiyo imeandikwa juu ya kijiti cha kijani, na kijiti kimefukiwa msituni, kando ya njia, pembeni mwa korongo. Watoto wadogo wakaamini. Leo alikuwa na miaka mitano hivi. Alikua, akaota ndevu, ndevu zikawa nyeupe, na kijiti kile hakikumtoka moyoni.

KUONDOKA KWA KWANZA

Alipokuwa kijana alipelekwa chuo kikuu katika mji wa Kazan. Mwaka 1847 aliacha masomo bila kupata shahada. Akarudi Yasnaya Polyana, ambayo sasa ilikuwa mali yake kwa urithi. Alinuia kuwa bwana mwema kwa wakulima wake. Hakufaulu. Wakulima hawakumwamini, naye akachoka upesi. Akaenda mijini, akacheza karata na kunywa. Madeni yakamzidi.

Basi mwaka 1851 akaondoka. Alifuatana na kaka yake Nikolai, aliyekuwa askari, mpaka kwenye milima ya Kaukazi, mbali sana kusini. Alitaka kuanza maisha mapya huko. Aliingia jeshini. Lakini karata alikwenda nazo. Hata nyumba kubwa aliyozaliwa iliuzwa kwa sababu yake mwaka 1854. Mnunuzi aliibomoa akaenda kuijenga kwingine, na fedha zikaishia kwenye kamari. Pale ilipokuwa nyumba pakabaki miti.

Hata hivyo safari ile haikuwa bure. Huko milimani alianza kuandika. Kitabu chake cha kwanza, habari za utoto, kilichapishwa mwaka 1852. Baadaye alipigana katika mji wa Sevastopol, uliozingirwa na majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Uturuki. Aliandika aliyoyaona: damu, matope, na askari wa kawaida wanaokufa bila kupiga kelele. Watu wakaanza kulijua jina lake. Mwaka 1856 aliacha jeshi.

SHULE YA YASNAYA POLYANA

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima, sehemu hii itakupendeza.

Mwaka 1859 Tolstoy alifungua shule ya watoto wa wakulima katika shamba lake. Wakati ule mwana wa mkulima hakutazamiwa kujua hata kuandika jina lake. Katika shule hiyo hapakuwa na viboko. Mwanafunzi alikaa alipotaka, na akichoka alikwenda nyumbani. Walikuja watoto, na pia watu wazima wachache. Watu wengine wa tabaka lake walimwona kuwa ana wazimu. Mwaka 1862 polisi walikuja kupekua nyumba yake, wakidhani anaficha mambo ya uasi. Hawakupata kitu.

Kabla ya hapo, mwaka 1861, mfalme wa Urusi alikuwa ametoa amri ya kuwapa wakulima uhuru wao. Walipata uhuru, lakini ardhi waliyopewa ilikuwa ndogo, tena walitakiwa kuilipia kwa miaka mingi.

Mwaka 1872 Tolstoy alitoa kitabu cha kufundishia kusoma. Kilikuwa na alfabeti, hesabu, na hadithi fupi fupi zenye maneno mepesi. Alikifanyia kazi kwa bidii sana, na mwaka 1875 akatoa kingine kilicho rahisi zaidi. Mtu aliyekwisha kuandika kitabu kikubwa kinachosifiwa duniani aliketi kutafuta maneno ambayo mwanafunzi wa kwanza ataweza kuyasoma. Waandishi wengi wakubwa hawawezi kazi hiyo.

SOFIA

Mwezi wa Oktoba 1862 Tolstoy alimwoa Sofia Behrs, binti wa daktari wa Moscow. Bwana harusi alikuwa na miaka 34. Bibi harusi alikuwa na miaka 18.

Hatuwezi kusimulia habari za mume bila kumsimulia mke. Wapo wanaojaribu. Husema kwamba Sofia alikuwa mwanamke mkali aliyemfukuza mzee kwake. Sikiliza kwanza kazi aliyoifanya.

Kati ya mwaka 1863 na 1888 Sofia alizaa watoto 13. Watano kati yao walikufa wakiwa wadogo. Alisimamia jiko, watumishi, hesabu za shamba na masomo ya watoto. Usiku, watoto wakiisha kulala, aliwasha mshumaa, akanakili maandishi ya mume wake. Mwandiko wa Tolstoy ulikuwa mbaya, tena alifuta na kuongeza kila mahali. Sofia aliunakili vizuri. Kesho yake mume aliufuta tena, na mke akaanza upya. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kitabu kinachoitwa Vita na Amani, kilichokamilika mwaka 1869. Kitabu hicho kina kurasa zaidi ya elfu moja. Kisha kikaja Anna Karenina, kati ya mwaka 1875 na 1878. Baadaye Sofia mwenyewe aliendesha kazi ya kuchapisha na kuuza vitabu, maana fedha za kulea watoto zilitoka huko.

Miaka mingi walipendana. Hilo nalo ni kweli.

SWALI LILILOMJIA

Tolstoy alipokaribia miaka hamsini, jambo baya lilimpata. Haukuwa ugonjwa wa mwili. Afya yake ilikuwa nzuri, vitabu vilimletea fedha, na watu walimsifu. Lakini aliamka kila siku akijiuliza haya yote ni ya nini. Utapata ekari nyingine, halafu? Utasifiwa kuliko waandishi wote, halafu? Utakufa. Huzuni ilimshika hata akaacha kwenda kuwinda na bunduki, akihofia kwamba atajidhuru mwenyewe. Aliyaeleza hayo bila kuficha katika kitabu chake cha maungamo. Ukimwona mtu mwenye kila kitu anakaa kimya bila raha, usiseme kwamba anadeka.

Aliwatazama wakulima. Aliona kwamba wao, pamoja na taabu zao zote, hawakujiuliza maswali kama yake. Walifanya kazi, walisali, walizaa, walikufa kwa utulivu. Akaamua kwamba ukweli uko kwao. Akaanza kubadili maisha yake. Aliacha kunywa pombe, kuvuta tumbaku na kula nyama. Alivaa kanzu ya mkulima na kujifunga mkanda. Alilima kwa plau, alifyeka majani, alichota maji, na alijifunza kushona viatu. Alisema kuwa na mali nyingi ni dhambi, na kumpiga adui ni dhambi, hata kama adui amekuanza. Mafundisho yake yaliligusa Kanisa la Urusi, nalo likamtenga mwaka 1901.

Lakini tazama mambo yalivyokuwa nyumbani. Kabaila huyu alirudi kutoka shambani na matope miguuni, akaketi mezani. Mlo wake ulikuwa uji na mboga tu. Aliyemletea uji huo ni mtumishi aliyevaa glovu nyeupe. Tolstoy aliona aibu. Aliona anahubiri kitu kimoja na kuishi kingine. Watu walimwandikia barua kumcheka. Kila siku alipotoka nje aliona maskini wamemngoja mlangoni, na nyuma yake ilikuwa nyumba yenye piano.

Alitaka kutoa mali yote. Sofia akakataa. Aliuliza watoto watakula nini, na nani atawalipia shule. Je, ungemjibuje? Wengi wanaosifu wema wa Tolstoy hawajawahi kupewa watoto wanane wa kulisha. Wala Sofia hakubadili dini moyoni mwake kwa kuwa mume wake amebadili yake. Aliolewa na kabaila mwandishi. Baada ya miaka ishirini aliambiwa awe mke wa mkulima maskini.

NJIA YA KWENDA TULA

Jioni moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1884, waligombana kwa ajili ya fedha. Tolstoy alitia vitu vichache katika mfuko, akatoka, akashika njia ya kwenda mji wa Tula. Alinuia asirudi. Sofia alikuwa na mimba, na siku zake zilikuwa zimetimia.

Alifika nusu ya njia. Hapo akamkumbuka mke wake na hali yake, akageuka. Usiku uleule Sofia alijifungua mtoto wa kike, Alexandra. Nyumbani walimwita Sasha. Likariri jina hilo. Mtoto aliyemrudisha baba yake nyumbani usiku ule ndiye aliyekuja kumsaidia kutoroka, miaka 26 baadaye.

Katika miaka ya 1891 na 1892 njaa kubwa iliingia Urusi. Tolstoy alikwenda katika mkoa wa Ryazan pamoja na binti zake. Walifungua majiko ya kuwapikia wenye njaa, na idadi yake ilizidi 200. Sofia aliandika barua katika magazeti kuomba misaada, na fedha zikaja kwa wingi. Wakati huo Tolstoy hakuzungumza sana juu ya kuondoka. Alikuwa na kazi, na mke wake alikuwa na kazi ileile.

Katika miaka hiyohiyo waliafikiana nusu kwa nusu. Vitabu alivyoandika tangu mwaka 1881 mtu yeyote angeweza kuvichapa bila kumlipa. Vya zamani vikabaki kwa Sofia. Ardhi na nyumba zikagawiwa mke na watoto. Tolstoy akabaki bila mali, lakini bado yumo ndani ya nyumba ileile na kula katika meza ileile.

Mwaka 1895 mtoto wao wa mwisho, Ivan, alikufa kwa homa. Alikuwa hajatimiza miaka saba. Wote wawili walimpenda mno mtoto huyo. Baada ya hapo Sofia hakuwa kama zamani.

BARUA NDANI YA KITI

Mwaka 1897 Tolstoy alimwandikia mke wake barua ndefu ya kuaga. Alieleza kwamba Wahindi wakifika miaka sitini huacha nyumba zao na kwenda kukaa msituni kumfikiri Mungu, na kwamba yeye naye, akikaribia miaka sabini, anataka hivyo kwa moyo wake wote. Barua ilipokwisha, hakuondoka. Aliificha chini ya kitambaa cha kiti chake cha kukalia. Ilikaa humo miaka mingi. Sofia aliipata baada ya mumewe kufa.

Kwa nini hakuondoka? Huenda ni huruma. Huenda ni hofu. Katika mwaka 1910 mwanafunzi mmoja wa mji wa Kiev alimwandikia kumsihi aache nyumba yake na kutembea kama maskini. Mzee alimjibu kwamba hiyo ndiyo ndoto yake, lakini bado hajaweza.

Mwaka huohuo alikuwa akiandikiana na Mohandas Gandhi, aliyekuwa bado Afrika Kusini akitetea haki za Wahindi. Karibu na Johannesburg Gandhi alianzisha shamba la watu kuishi kwa pamoja, likaitwa Shamba la Tolstoy. Mzee aliyewafundisha watu wa mbali kuishi kwa amani hakuwa na amani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

UGOMVI WA DAFTARI

Ugomvi wa mwisho ulikuwa juu ya wosia na daftari. Rafiki yake mkubwa, Vladimir Chertkov, alitaka vitabu vyote viwe mali ya watu wote. Sofia alimchukia Chertkov, akaona anawanyang'anya watoto. Mnamo Agosti 1910 Tolstoy alitia sahihi wosia kwa siri, msituni, akiwa ameketi juu ya kisiki. Haki zote alimwachia Sasha.

Sofia hakuonyeshwa wosia huo, lakini alihisi. Akaanza kupekua. Alisoma daftari ambazo mume wake aliandikia mawazo ya kila siku. Mzee akaanza daftari nyingine ndogo ya siri, akaificha ndani ya buti lake. Sofia akaipata. Alilia, alianguka chini, alitishia kujiua. Leo daktari angesema mama huyu ni mgonjwa na anahitaji kutunzwa. Walioishi naye walisema anajifanya.

Watu hawa wawili walikuwa wameoana miaka 48.

USIKU WA TAREHE 10 NOVEMBA

Karibu na saa tisa ya usiku Tolstoy aliamka. Aliona mwanga katika chumba chake cha kuandikia na kusikia karatasi zikipekuliwa. Alikuwa Sofia. Mzee alijaribu kulala, hakuweza. Moyo ulimwenda mbio. Akainuka.

Alimwandikia mke wake barua fupi. Alimshukuru kwa miaka waliyoishi pamoja, akamwomba amsamehe, akamwomba asimfuate. Alimwamsha daktari wake, Makovitsky, na binti yake Sasha. Walifunga mizigo kwa kunong'ona. Mzee alitangulia bandani kuamuru farasi wafungwe kwenye gari. Giza lilikuwa zito. Alipotea katika bustani aliyoizoea tangu utoto, akajikwaa katika miti, akaanguka, na kofia yake ikapotea. Alirudi kutafuta nyingine. Alitetemeka kwa hofu kwamba mke wake ataamka.

Kabla ya mapambazuko yeye na daktari walikuwa njiani kwenda stesheni. Sasha alibaki.

Sofia aliamka mchana ukiwa umeingia. Alipopewa habari, hakumaliza hata kuisoma barua. Alikimbia mpaka kwenye bwawa, akajitupa majini. Sasha na karani wa baba yake wakamtoa.

Mzee alipanda gari la moshi, daraja la tatu. Behewa lilijaa watu na moshi wa tumbaku. Kwa kukosa hewa alitoka akasimama nje, kwenye kijukwaa cha behewa, katika upepo wa baridi. Hakutaka kurudi ndani.

Alilala usiku mmoja katika nyumba ya watawa ya Optina. Kisha akafika Shamordino, ambako dada yake Maria alikuwa mtawa. Huyu ndiye yule msichana mmoja kati ya watoto watano, na ndugu pekee aliyebaki. Walilia pamoja. Tolstoy alipapenda mahali pale. Akaulizia kibanda cha kupanga katika kijiji cha jirani. Mtu aliyekuwa na shamba zima sasa alitaka chumba kimoja na meza. Ninadhani siku ile alikuwa karibu kukipata alichokitafuta miaka sitini.

Lakini Sasha alifika na barua za nyumbani. Akasimulia habari za bwawa. Mzee akaogopa kwamba mke wake atakuja. Kabla ya alfajiri akaamsha watu, wakaondoka tena, safari hii kwenda kusini, bila kujua hasa watakaa wapi. Ndani ya gari la moshi abiria walikuwa wakisoma magazeti. Habari kubwa ya siku hiyo ilikuwa kwamba Tolstoy ametoroka nyumbani. Naye alikuwa ameketi katikati yao.

STESHENI YA ASTAPOVO

Mchana huo homa ilimpanda. Ilikuwa homa ya mapafu. Jioni ya tarehe 13 Novemba ilibidi washuke katika stesheni ndogo iitwayo Astapovo. Hapakuwa na hoteli. Stesheni masta, Ivan Ozolin, alipoambiwa abiria mgonjwa ni nani, alimpa nyumba yake. Mtu huyo alikuwa na mke na watoto, na nyumba yenyewe haikuwa kubwa.

Siku chache baadaye stesheni ile ilijaa watu. Walikuja waandishi wa magazeti, wapiga picha za sinema, polisi, na mapadri waliotaka mzee atubu. Simu za maandishi zilipelekwa usiku na mchana kwenda pande zote za dunia. Mtu aliyetaka kwenda mahali ambapo hakuna atakayemjua alikuwa amelala nyuma ya ukuta mwembamba, na dunia nzima inasikiliza pumzi zake.

Sofia alikuja kwa gari la moshi la kukodi. Watoto na madaktari walimzuia kuingia, wakihofia kwamba mgonjwa akimwona atakufa. Mzee hakuambiwa kwamba mkewe yuko hapo. Sofia alilala ndani ya behewa lililosimama relini. Mchana alizunguka nyumba ya stesheni masta. Ipo picha ya sinema inayomwonyesha, mama wa miaka 66, amejifunika kitambaa kichwani, akichungulia dirishani.

Aliruhusiwa kuingia usiku wa mwisho, mume wake akiwa hana fahamu tena. Alipiga magoti kando ya kitanda, akanong'ona. Tolstoy alikufa tarehe 20 Novemba 1910, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.

Walimrudisha Yasnaya Polyana. Maelfu ya watu walifuata jeneza, na wakulima ndio waliolibeba. Alizikwa msituni, pembeni mwa korongo, pale ambapo Nikolai alisema kijiti cha kijani kimefukiwa. Mwenyewe aliagiza hivyo. Kaburi lake ni tuta la udongo lililoota majani. Halina jiwe wala jina.

Mwaka 1913 Sasha alitumia fedha za vitabu vya baba yake kununua sehemu kubwa ya ardhi ya Yasnaya Polyana kutoka kwa ndugu zake, nayo ikagawiwa wakulima.

Sofia alirudi katika nyumba ileile. Aliishi humo miaka tisa zaidi. Alipanga barua na karatasi za mume wake, na wageni walipokuja aliwaonyesha meza aliyoandikia. Mara nyingi alikwenda kaburini kuweka maua. Vita vilikuja, mapinduzi yakaja, chakula kikawa haba, naye hakuhama. Alifariki Novemba 1919 kwa homa ya mapafu, ugonjwa uleule uliomwua mume wake. Hakuzikwa msituni pamoja naye. Alizikwa makaburini pa Kochaki, karibu na kanisa, mahali walipolala watoto wake waliokufa wadogo.